Ni Upepo Tu

Sitaki kuisimulia habari hii, na naisimulia kwa hasira, mnielewe hivyo tangu mwanzo. Mjukuu wangu ndiye aliyenisumbua. Kila akiniletea chai, "Bibi, hivi baba alifanya nini?" Mwaka mzima. Nikimwambia kamuulize mama yako, anasema mama huinuka akaenda zake. Basi mzigo nimeachiwa mimi, niliyeishia darasa la tatu, na macho yenyewe ndiyo haya. Haya, kalamu hii hapa. Akisoma akalia, asije kwangu kufutwa machozi.

Nilizaa mabinti wawili. Wa kwanza tulizoea kumwita Mkubwa, akaolewa na fundi wa kutengeneza feni. Mtaa mzima walimwita Fundi Feni. Wa pili alikuwa muuguzi hospitalini, hajaolewa na hana haraka. Huyu Muuguzi wangu alikuwa mtu wa kusoma kila kitu mara mbili. Hata ukimpa pipi ageuze karatasi atafute tarehe. Tulikuwa tunamcheka sana.

Mwaka ule joto lilishuka kama mfuniko wa sufuria. Feni zikaungua nyumba kwa nyumba, fundi akapata kazi mpaka za kukataa, akajiona. Siku moja akaniambia, "Mama, mwisho wa wiki nawapeleka wote baharini. Mtalala nyumba ya wageni kama wakubwa."

"Mimi na bahari hatujuani," nikamwambia.

"Mtajuana, mama."

Ndiyo, tulijuana.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, rangi inabanduka ukutani, mchanga mbele yake unaunguza nyayo. Na mawimbi. Sijapata kuona maji yenye chuki namna ile. Yanainuka kule mbali, marefu kama ukuta wa ghala, yanasimama kidogo kama mtu anayetafuta neno baya zaidi, halafu yanaanguka mpaka vikombe vinacheza mezani. Yakirudi yanakokota mchanga na mawe kwa sauti ya mtu anayesaga meno.

Kati ya nyumba na maji palikuwa na mlingoti, na juu yake bendera nyekundu. Mlinzi wa ufukwe, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, alikuja kutuambia siku ile ile tuliyofika, Jumamosi. "Hiyo ikiwa juu, hakuna kuingia. Hata kulowesha kisigino. Pale chini kuna mkondo, unamchukua mtu mzima kama ganda la karanga."

Sasa hapa pana jambo ambalo ningelifikiria vizuri siku ile, leo ningekuwa na watoto wawili. Hapakuwa na upepo. Majani ya miti yamelala. Moshi wa jikoni unapanda wima kama kamba. Niliwasha kiberiti pale nje, nikakiacha kiungue mpaka kwenye kucha, hakikutikisika. Lakini ile bendera ilikuwa imenyooka. Imenyooka kama nguo iliyotoka kwenye pasi, ncha yake inaelekea majini, kama kuna mtu kaishika kwa vidole viwili anatuonyesha kitu.

Nikamvuta Mkubwa mkono. "Hebu tazama. Hiyo inapeperushwa na nini?"

"Huko juu upepo upo, mama."

"Juu wapi? Mlingoti wenyewe naufikia kwa mti wa ufagio."

"Mama, pumzika."

Nikamfuata mlinzi. Nikamuuliza nani anaishika bendera yake. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Bibi, mimi kazi yangu ni kuipandisha asubuhi na kuishusha jioni. Kunyooka si kazi yangu." Akaenda zake.

Jumamosi yote tukakaa mchangani kama mizigo isiyo na mwenyewe. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka mitano, anachimba mashimo. Muuguzi anasoma kitabu. Fundi Feni anazunguka tu, amenuna. "Mwendo wote ule," anasema, "tumekuja kutazama kitambaa?" Akaondoka, akarudi. "Kitambaa," akasema tena.

Jumapili, saa saba na nusu mchana, mlinzi akaenda jikoni kula. Mimi nilikuwa chumbani nimelala. Yaliyotokea hapo nje niliyajua baadaye, lakini nayaweka mahali pake ili msipotee.

Mkwe wangu hakuwa anatembea bila plaisi, koleo lake la kukatia nyaya, mfukoni. Hata harusini alikuwa nayo. Akaenda kwenye mlingoti, akaitoa, akakata kamba. Alikuja kusema mwenyewe kwamba bendera ilipoanguka ilimvaa usoni, ikambana, akapambana nayo kama na mtu. Akaikunja, akaificha kwenye gari chini ya sanduku la barafu. Alitaka nini? Picha. Asimame majini mpaka magotini apigwe picha, akawaonyeshe mafundi wenzake. Kwa ajili hiyo tu.

Kabla hajavua viatu, Muuguzi akatoka chumbani. Na kama kawaida yake, akaangalia mara mbili. Akatazama mlingoti, akatazama maji, akatazama mlingoti tena.

"Shemeji, bendera imeshushwa?"

"Imeshushwa."

"Na nani? Mbona mawimbi yale yale?"

"Mwenye bendera ndiye kaishusha, shemeji. Unataka akuletee na cheti? Ingia bwana, tumekuja kuoga au kuulizana?"

Akaingia. Mtoto wangu aliyekuwa hachomi mtu sindano bila kusoma chupa, alisoma ule mlingoti mtupu akaamini ulichosema. Alifika kiunoni. Wimbi la kwanza likampita. La pili likamkalisha. Mkondo ukamshika miguu.

Mimi nilitoka kwa ukelele wa Mkubwa, saa nane kamili. Nikaona mkono. Halafu nikaona povu. Walimpata jioni, mbali, kwenye miamba, na hayo sitayaandika.

Mlinzi alikuja mbio, chakula bado mdomoni. "Nani kashusha bendera?"

Fundi Feni akamjibu kabla mtu hajavuta pumzi. "Ni upepo. Umeing'oa ukaipeleka baharini. Hukuifunga vizuri, wewe."

Nyuma ya kichwa chake, nakumbuka mpaka leo, moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima. Niliuona kwa macho haya. Na nilichofanya ni kumwendea yule mlinzi nikampiga kofi. Alisimama tu akalipokea. Jioni ile alifukuzwa kazi, na watu wakamtupia mchanga akiondoka.

Tukazika. Tukarudi nyumbani.

Nyumba yao chumba cha mbele ndicho karakana. Feni thelathini, arobaini, za mezani, za kusimama, za darini zimening'inizwa kama popo, nyingine hazina kifuniko, mabapa nje. Wiki ya tatu, Jumatano, saa nane mchana, umeme umekatika, nimekaa pale mlangoni nachambua maharage. Feni moja ya mezani, juu ya rafu, ikaanza kuzunguka. Polepole. Waya wake umeviringishwa shingoni, haujachomekwa popote.

"Fundi," nikasema, "hiyo inazungushwa na nini?"

Hakuinua hata uso. "Ni upepo tu, mama."

Feni ikasimama. Ikasimama ghafla, kama mtu aliyesikia anatajwa.

Kesho yake saa nane zikazunguka mbili. Keshokutwa, nne. Mkubwa akaja kutoka jikoni akinusa. "Mbona humu mnanuka mwani?" Kweli, palinuka mwani, na kamba iliyolowa maji, na kitu kingine cha chumvi. "Ni upepo tu," akasema mumewe, "unaleta harufu za watu." Zikasimama. Lakini sasa pazia, dirisha limefungwa, lilikuwa limejaa kuja ndani kama tumbo la mjamzito, na halikushuka mpaka jioni.

Mnajua neno lenyewe lilivyo. Kila mtu hulisema. Mlango ukibamiza, ni upepo tu. Mtoto akistuka, lala, ni upepo tu. Ni neno la kutuliza watu. Na yeye kila alipolisema, nyumba ile ilizidi kuvimba.

Akaja mwalimu mkuu wa shule ya karibu, kakumbatia feni yake. "Fundi, feni uliyonitengenezea inatema mchanga. Jana umeniingia kwenye chai."

"Ni upepo tu, mwalimu. Unabeba vumbi."

"Vumbi?" Mwalimu akafungua leso, akamwaga mezani vipande vidogo vya kombe la bahari. "Nimefundisha miaka ishirini na sita, fundi. Hili si vumbi."

Wateja wakaanza kurudisha mmoja mmoja. Kila mmoja na lake. Ya huyu inalia kama maji. Ya yule inageuza shingo yenyewe kuelekea barabara ya kwetu. Fundi akacheka nao, akawapa chai, akasema beringi zimekauka. Wakiondoka alikuwa anajifungia ndani, na mimi, mjinga wa watu, nikadhani ni majonzi ya shemeji yake.

Kisha ikaja sauti. Mwanzo tulidhani ni mvumo wa mabapa, lakini siku ile umeme haukuwepo, mabapa yote yanakwenda, na mvumo ule haukuwa wa mashine, ulikuwa unainuka kule mbali nyuma ya ukuta, unasimama kidogo, unaanguka, unarudi nyuma unasaga meno, unainuka tena, na kila ulipoanguka ulipita katika vifuniko vya feni zote arobaini kwa pamoja ukatoka upande wa pili umekuwa neno, neno moja, refu, lisilo na haraka, naaani, likaenda likarudi, naaani, mpaka mjukuu wangu akatoka mvunguni mwa meza akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, nani huyo anayeuliza nani?"

"Ni upepo tu, mwanangu," akasema baba yake.

Feni zote zikageuza shingo. Zile za kusimama, za mezani, hata zile za darini zikainama kwenye ndoano zake. Zikamtazama yeye.

Tangu siku hiyo upepo haukuja tena saa nane. Uliondoka. Sijui nilieleze vipi. Ikifika saa nane, hewa ya nyumba ile ilitoka kwa mlango kama mtu aliyechoka kugombana, na ndani ikabaki nafasi tupu. Kiberiti nilichowasha kilizimika bila kupepesuka. Sisi wengine tulihema kwa shida, lakini Mkubwa, mkewe, hakuhema kabisa. Alikaa sakafuni, mdomo wazi, mikono inatapatapa mbele yake kama anasukuma maji, na midomo inageuka rangi ile niliyoiona kwenye miamba. Dakika moja siku ya kwanza. Siku ya tatu, dakika mbili. Daktari akasema mapafu mazima. Nikamwambia mazima yako wewe.

Nilikuwa na mabinti wawili, nimebaki na mmoja, na huyo mmoja anazama sebuleni kwake, mahali pakavu. Nikaenda mwenyewe kumtafuta mganga.

Mganga niliyemjua anashona magodoro. Ndiyo kazi yake, haya mengine huitwa tu. Akaja saa saba, sindano yake ndefu imechomekwa kwenye kilemba. Hakuja na kibuyu wala shanga. Nikamuuliza kama nichome ubani. "Ubani wa nini?" akasema. "Nileteeni kiti. Kiuno kinauma."

Akakaa kati ya zile feni. Akafumba macho muda mrefu, nikadhani amelala. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Huyu simfukuzi."

"Kwa nini?" akauliza Fundi Feni.

"Nimfukuze kwa kosa gani? Jini la kukaa nalijua. Linataka kitanda, linataka nyama, linataka mume wa mtu. Huyu hataki kitu chenu. Anakuja saa yake, anauliza, anaondoka, kama karani. Ni mwenye kazi huyu. Alikuwa na kazi yake mahali, amenyang'anywa, na jina lake limetupwa jalalani." Akafumbua macho. "Humu ndani nani amemsingizia?"

"Tumemsingizia nani?" Mkubwa akauliza, mkono kifuani.

"Huyo mnayemtaja kila siku."

Mimi kusoma sijui sana, lakini moshi nausoma. Nikauona tena ule wa jikoni, wima kama kamba, nyuma ya kichwa cha mkwe wangu. Nikaiona bendera imenyooka peke yake.

"Mkwe," nikasema, "siku ile palikuwa na upepo?"

"Mama, baharini hapakosi upepo."

"Nimekuuliza siku ile."

"Mama, haya mambo ya kukumbushana..."

Ikagonga saa nane. Hewa ikatoka. Mkubwa akaanguka kifudifudi, kucha zinakwaruza saruji. Nikamshika kichwa. Nikahesabu mpaka mia, hajavuta hata kidogo. "Sema," nikamwambia yule mwanamume, nikashangaa sauti yangu inatoka kidogo hivyo. "Sema nini kilichotokea, au nitakuzika wewe pamoja naye."

Na yeye, mnaamini? Mkewe anakufa miguuni pake, akafungua mdomo akaanza, "Ni upe..."

Juu kabisa ya rafu palikuwa na boksi la feni mpya, limefungwa kwa gundi. Likavimba, likapasuka, na kutoka humo, ndani ya chumba ambacho hakina hewa hata ya kumtosha kuku, kikatoka kitu chekundu, kikashuka polepole kinadondosha maji ya chumvi juu ya feni zote, kikasimama katikati ya chumba kwenye urefu wa macho ya mtu, kikajinyoosha. Bendera. Imenyooka kama iliyotoka kwenye pasi. Ncha yake haikuonyesha maji safari hii. Ilikuwa kidole kimoja kutoka puani kwa mkwe wangu.

Na kamba yake ikining'inia, imekatwa. Imekatwa sawasawa, kama mkate.

"Upepo hauna plaisi," nikasema.

Akapiga magoti. "Ni mimi," akasema. "Nilikata mimi, nikaja kuificha humo boksini. Shemeji aliniuliza, nikamwambia aingie. Si upepo. Ni mimi."

Mkubwa akavuta pumzi kama mtoto aliyezaliwa dakika hiyo. Mlango ukafunguka na hewa ikaingia, ya kawaida, ina harufu ya barabara na vumbi. Bendera ikaanguka.

Sikumpiga. Mkono wangu ulishampiga asiyehusika, ukaona haya.

Mshona magodoro akasimama, akajinyoosha kiuno. "Hapo umemwambia mkweo," akasema. "Uongo uliusemea wapi?"

"Ufukweni."

"Basi bado."

Tukarudi kule, gari lile lile. Mlinzi tulimkuta kwenye jengo, anabeba matofali kichwani. Fundi Feni alisema yote mbele yake, mbele ya mpishi, mwenye nyumba na polisi wawili. Halafu akageuzwa akatazame mlingoti, akasema na hapo. Mimi nikamwambia mlinzi anirudishie kofi langu. Akatua tofali. "Sipigi wanawake, bibi," akasema. "Ila sijakusamehe." Nikamshukuru. Ndiyo yaliyokuwa maneno safi pekee niliyoyasikia mwaka ule.

Mahakama ikampa mkwe wangu kifungo, akakimaliza. Mkubwa akadai talaka, akapewa. Watu hudhani hayo ndiyo malipo. Siyo.

Alipotoka gerezani alifungua karakana upya. Feni zikazunguka vizuri, kazi safi, lakini yeye mwenyewe akikaa mbele ya feni haimpulizii kitu. Mteja akisimama pale anasikia ubaridi. Yeye akisimama pale pale, mabapa yanakwenda bure. Nani atampelekea feni fundi anayetokwa jasho mbele ya feni? Akafunga.

Na kule ufukweni, mlinzi aliporudishwa kazini, akapandisha bendera nyekundu mpya, ikalala. Dhoruba ikaja, miti inapinda, bendera inaning'inia kama tambara la jikoni. Watu hawaioni, wanaingia majini, yeye na filimbi yake anawatoa kwa shida. Akamtumia habari aliyekuwa fundi: "Aliyekuwa anaishika umemtukana akaacha kazi. Njoo uishike wewe."

Akaenda. Kila Jumamosi na Jumapili, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, anasimama kwenye kiti chini ya mlingoti, kainyoosha kwa mikono yake miwili. Akishusha mkono, nayo inashuka. Mwaka wa kumi na tatu huu.

Nilikwenda kumtazama mwaka jana. Si kwa huruma, nilitaka kuona. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali, mtandio wangu ulinivuka mara mbili nikaukimbilia. Yeye hatua mbili kutoka kwangu, shati limemganda mwilini, jasho linamwingia machoni na hawezi kujifuta.

"Mama," akaniambia, kwa sauti ambayo karibu nisiisikie kwa mawimbi, "nipepee kidogo."

Nilikuwa na kipande cha boksi mkononi. Nikamsogelea. Nikampepea, kwa nguvu, kama ninavyopepea jiko la mkaa. Boksi likaenda likarudi, likaenda likarudi, mpaka bega likaniuma, na nguo zangu zote zikapepea.

Juu ya paji la uso wake hautikisiki unywele.